Mteremko usiotoka kichwani mwa dereva

Ukiketi na madereva wakongwe wa malori ya masafa marefu, haichukui muda kabla ya mazungumzo kufika mlimani. Wazee hawa walibeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala, Kigali na Bujumbura, na wengine wakavuka hadi Kongo. Walipita nyika ya Tsavo yenye joto na vumbi, wakalala Malaba siku kadhaa wakingoja makaratasi. Hayo huyataja kwa kupita tu. Lakini habari za Mai Mahiu, Sachangwan, Salgaa na ukungu wa Timboroa huzisimulia kona kwa kona, kana kwamba wameshuka garini jana.

Kwa msikilizaji hiyo ni burudani. Kwa mtaalamu wa afya ya akili, simulizi hizo zina swali ndani yake. Kwa nini mtu asahau safari mia moja za barabara tambarare, lakini akumbuke dakika 5 za mteremko mmoja, harufu yake, mlio wake, hata rangi ya gari lililokuwa mbele? Na kwa nini kumbukumbu hiyo kwa mmoja ni hadithi ya kuwachekesha wajukuu, ilhali kwa mwenzake ni ugonjwa unaomwamsha usiku akikanyaga godoro kana kwamba ni breki?

Barabara na malori yake

Barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu ilichongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilojenga mwaka wa 1942 lingali kando ya barabara hiyo, na dereva anayeshuka akiliona hupumua, maana sehemu mbaya zaidi imebaki nyuma. Ukishapita Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda tena kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, kisha Timboroa, ambako kimo hupita mita 2,700. Anayetoka Uganda na shehena hana budi kuyashuka yote hayo.

Malori ya miaka ya 1960 na 1970 hayakuwa na huruma. Usukani haukusaidiwa na mashine yoyote, ulizungushwa kwa nguvu za mabega. Gia hazikuingia kwa urahisi kama za leo. Dereva alikanyaga klachi mara mbili, katikati akapandisha mlio wa injini, na akikosea kipimo gia iligoma kuingia. Kugomewa na gia ukiwa tambarare ni aibu mbele ya taniboi. Kugomewa nayo ukiwa unateremka na tani 20 mgongoni ni jambo jingine kabisa. Taniboi naye alikuwa na kazi yake: gari likikwama mlimani, aliruka chini na gogo au jiwe akalisukuma nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi kinyumenyume. Wapo walioponea chupuchupu katika kazi hiyo, na wapo ambao hawakupona.

Kanuni ya wakongwe ilikuwa moja: teremka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Ni kanuni ya busara, na msingi wake ni joto. Lori la tani 50 likishuka mita 100 tu kwenda chini, nguvu inayopaswa kumezwa na breki na injini yatosha kuchemsha lita 140 za maji baridi. Mteremko wa Mau ni mamia ya mita. Dereva akiiacha injini ishike gari kwa gia ndogo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kwenye injini. Akitegemea breki peke yake, ngoma za breki hupata moto, hupanuka na kujitenga na viatu vyake, na utando wa viatu hupoteza uwezo wa kung'ata. Hapo ndipo harufu ile kali huanza. Kisha dereva hukanyaga, na kanyagio linazama bila jibu.

Wapo wanaoweka gia huru, au "fri" kama wanavyoiita wenyewe, wakidhani wanaokoa mafuta ya kuuza kando ya barabara. Hesabu yao ni mbovu. Katika mteremko mkali, lori lililo ndani ya gia na ambalo halijakanyagiwa mafuta halitumii dizeli karibu yoyote, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Lililo kwenye fri ndilo linalohitaji mafuta ili injini isizimike. Zaidi ya hayo, limepoteza breki yake kubwa kuliko zote.

Matokeo yake Wakenya wanayajua. Tarehe 31 Januari, 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, wananchi wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 110. Wengi ambao hawakutambulika walizikwa pamoja karibu na hapo. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba, 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Baadaye magari yanayopanda yalitenganishwa na yanayoshuka katika sehemu ya Salgaa na Sachangwan. Tarehe 30 Juni, 2023 lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani likaparamia magari na wafanyabiashara wa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha.

Kila baada ya mkasa kama huo magazeti huhesabu maiti na majeruhi. Hakuna anayewahesabu madereva waliopita hapo dakika kumi baadaye, wakasimama, wakasaidia kuwatoa watu kwenye vyuma, kisha wakapanda malori yao na kuendelea na safari kwa sababu shehena inangojewa.

Mwili unapohofu

Kanyagio la breki linapozama, ubongo hauketi kikao. Sehemu ndogo iliyo ndani yake, yenye umbo la lozi na iitwayo amigdala, hupiga king'ora kabla mtu mwenyewe hajafahamu vizuri kinachotokea. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, pumzi huwa fupi, damu huelekezwa kwenye misuli ya miguu na mikono, na tumbo husimamisha kazi. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Tatizo ni kwamba dereva hawezi kupigana na mlima wala kukimbia. Ameketi, mikono imekaza usukani, na nguvu zote hizo hazina pa kwenda.

Adrenalini hiyo hiyo hufanya kazi nyingine. Huuambia ubongo kwamba jambo hili lazima lihifadhiwe. Ndiyo maana tukio la hofu hukaa wazi zaidi kuliko safari mia za kawaida. Kwa kiumbe anayetaka kuishi, huo ni mpango mzuri. Nyani aliyekoswa na chui kwenye kijito fulani ana haja ya kukikumbuka kijito hicho.

Lakini kumbukumbu ya hofu kali huhifadhiwa kwa namna ya ajabu. Sehemu nyingine ya ubongo, hipokampasi, ndiyo hupanga matukio kwa tarehe na mahali: hili lilitokea jana, hili mwaka juzi, nalo limekwisha. Hofu inapozidi kipimo, mpangilio huo hutatizika. Vipande vya tukio hubaki vikielea: mlio wa honi, mwanga, mayowe na harufu. Vipande hivyo havina tarehe. Vikiguswa, mwili huitika kana kwamba jambo linatendeka sasa hivi. Wahenga walilijua hili kabla ya madaktari: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Harufu ndiyo yenye njia fupi zaidi. Kati ya fahamu zetu tano, kunusa ndiko kulikounganishwa kwa ukaribu sana na sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Kwa hivyo msomaji asistaajabu akisikia kwamba dereva aliyestaafu zamani hutokwa na jasho anapopita karibu na gereji ambako breki zinaungua.

Hadithi inapogeuka maradhi

Kukumbuka si ugonjwa. Hata kukosa usingizi siku kadhaa baada ya ajali, kutetemeka, kuogopa usukani au kulia bila sababu si ugonjwa. Wengi wa waliopatwa na mshtuko hutulia wenyewe katika wiki au miezi michache, hasa wakiwa na watu wa kuwasikiliza.

Madaktari huanza kushuku maradhi ya kiwewe pale hali hiyo inapozidi mwezi mmoja na kuharibu kazi, ndoa au usingizi. Ugonjwa huu si mpya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika mwaka wa 1915 kuhusu askari waliokuwa wakitetemeka na kupoteza kumbukumbu bila ya kuwa na jeraha. Wengi walidhaniwa kuwa waoga. Ilichukua hadi mwaka wa 1980 kwa madaktari wa akili wa Marekani kuuingiza kwenye orodha yao rasmi ya magonjwa, na hilo lilitokana sana na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam.

Kwa dereva, dalili zake hujitokeza hivi. Tukio humrudia bila kuitwa, mchana kama picha, usiku kama jinamizi. Hukwepa kila kinachomkumbusha: hubadilisha zamu, huomba kupangiwa njia nyingine, au hata hupita njia ndefu ili asipite mahali pale. Huwa macho kupita kiasi. Mlango ukibamizwa hushtuka, mtoto akipiga kelele hufoka. Na polepole moyo huganda. Mambo yaliyomfurahisha hayamfurahishi tena, mke analalamika kuwa mume yuko nyumbani lakini hayupo, na yeye mwenyewe hujilaumu kwamba aliyekufa alikufa kwa sababu yake, hata pale ambapo breki ndizo zilizomsaliti.

Hili la kujilaumu lastahili kutiliwa mkazo. Dereva aliyeua mtu barabarani, hata bila kosa, hubeba mzigo ambao haupimwi kwenye mizani yoyote ya Gilgil wala Mariakani. Wenzake humwambia "pole, ajali kazini", na hapo mazungumzo hufungwa. Nia yao ni njema. Lakini mtu huyo amefungiwa mlango wa kusema.

Dereva pia ana shida ambayo wengi wengine hawana. Aliyeokoka moto wa jengo anaweza kulikwepa jengo lile maisha yake yote. Dereva wa Mombasa na Kampala hawezi kuukwepa Mau. Riziki yake iko upande wa pili wa mlima.

Miraa, chupa na usingizi

Kwa hiyo hutafuta dawa yake mwenyewe, nayo inauzwa kila kituo cha malori. Anayeogopa jinamizi huogopa kulala, na kwa asiyetaka kulala kuna miraa na muguka. Majani hayo yana kemikali iitwayo kathinoni, iliyo jamaa ya amfetamini. Huharibika upesi majani yanaponyauka, na hiyo ni sababu moja ya miraa kufungwa kwa majani ya ndizi na kukimbizwa sokoni. Mtafunaji huchangamka, moyo hupiga kwa kasi na shinikizo la damu hupanda. Kwa mtu ambaye mwili wake tayari uko kwenye tahadhari usiku na mchana, hiyo ni kama kumwaga petroli motoni. Nguvu yake ikiisha, huja uchovu na huzuni, na usingizi uliocheleweshwa hudai deni lake lote kwa pamoja.

Deni hilo hulipwa vibaya. Mtafiti Drew Dawson na mwenzake Kathryn Reid walionyesha mwaka wa 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi humzuia asiendeshe. Mtu mwenye usingizi hupitiwa kwa sekunde chache bila kujua, macho wakati mwingine yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 za lori lisilo na dereva. Sheria ya trafiki ya Kenya humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Anayeijua barabara hii aamue mwenyewe ni wangapi wanaoifuata, na ni matajiri wangapi wanaotaka ifuatwe.

Wengine hukimbilia pombe. Kweli pombe humlaza mtu haraka. Kisha, katikati ya usiku, usingizi hukatika vipande vipande na jinamizi huja na nguvu zaidi. Vivyo hivyo vidonge vya kutuliza kama diazepamu, ambavyo huuzwa kiholela katika baadhi ya maduka ya dawa. Shirika la Afya Duniani halivipendekezi kwa watu waliopatwa na kiwewe: havikitibu, huzoesha mwili, na usingizi wake unaweza kubaki kichwani hadi asubuhi, wakati dereva ameshashika usukani.

Tiba ipo

Saa za kwanza baada ya ajali hazihitaji daktari wa akili. Zinahitaji mtu mwenye utu. Mwondoe aliyeokoka mahali pa tukio, mfunike, mpe maji, msaidie kuwapigia simu watu wake, na umsikilize akitaka kusema. Asipotaka, usimlazimishe. Zamani ilidhaniwa kuwa ni vizuri kumkalisha mtu mara moja na kumtaka asimulie kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Tafiti hazikuunga mkono jambo hilo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasisitiza usalama, utulivu na kuunganishwa na jamaa.

Maradhi yakishashika, tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo. Si mazungumzo ya baraza. Mtaalamu humsaidia mgonjwa kuirudia kumbukumbu ile kidogo kidogo, katika chumba salama, mara nyingi, hadi ipate tarehe na mahali pake: lilitokea, likaisha, na mimi nipo. Humsaidia pia kuichunguza ile hukumu aliyojitolea mwenyewe. Kuna tiba nyingine ambapo mgonjwa hufuata kwa macho kidole cha mtaalamu kikisogea huku na huku akiwa anakumbuka tukio. Inaonekana kama mzaha, lakini imepimwa na kukubaliwa. Kwa kawaida tiba hizi huchukua wiki au miezi michache, si miaka. Baadhi ya dawa za kutibu sonona, kama sertralini, huwasaidia wengine. Hizi zapaswa kuandikwa na daktari, na mgonjwa amwambie wazi kwamba yeye ni dereva.

Huduma ya afya ya akili hupatikana katika hospitali kubwa zilizo kwenye njia hii hii, ikiwemo hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na jijini Nairobi iko hospitali ya Mathari. Najua jina la Mathari huwatisha wengi. Huko hutibiwa watu wa kila hali, wakiwemo wanaokuja asubuhi, wakazungumza na mtaalamu na kurudi makwao. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina nambari ya simu isiyolipiwa, 1199, ambayo mtu anaweza kupiga akapata ushauri.

Mwajiri ana sehemu yake. Lori likipinduka, swali la kwanza katika ofisi nyingi huhusu shehena, la pili bima. Dereva huandika taarifa kwa polisi, huambiwa apumzike siku mbili, kisha hupewa gari jingine na njia ile ile, au hufutwa. Kampuni inayompima dereva macho na shinikizo la damu inaweza pia kumuuliza, mwezi mmoja baada ya ajali, kama analala. Swali hilo halina gharama. Taniboi naye aulizwe, kwa maana aliketi kiti cha pembeni na aliona kila kitu bila hata usukani wa kushika.

Nyumbani, mke au mzazi asimsukume mgonjwa asahau. Kusahau hakuji kwa amri. Afuatilie usingizi, kiasi cha pombe, na maneno ya kukata tamaa. Mtu akianza kusema kwamba afadhali angekufa na wale wengine, maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni hasira tu. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Kuhusu kurudi barabarani, wataalamu hupendelea hatua ndogo ndogo. Kwanza kuketi ndani ya lori lililosimama. Kisha safari fupi za mchana mahali tambarare. Kisha kupita mteremko wenyewe akiwa abiria, mwenzake akiendesha. Mwisho yeye mwenyewe, mchana, bila shehena kwanza, akiwa na mtu wa kumsemesha. Moyo ukianza kumdunda kabla ya kufika Sachangwan, aegeshe mahali panaporuhusiwa, si ukingoni, atoe pumzi taratibu, ndefu kuliko anavyoivuta, angoje dakika chache, kisha aingize gia ndogo na kuanza kushuka.